Mvinyo Ulioitiwa Wazazi

Msinibishie, nilikuwepo. Nilikaa karibu na Mtemi hata jasho lake likanirukia usoni. Shule niliishia darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko.

Hapo zamani, kabla babu yangu hajazaliwa, ila mimi nilishakuwa mtu mzima, Ugogo kwenye udongo mwekundu palikuwa na Mtemi aitwaye Nghambi. Jua la huko, nawaambieni, kuku hutaga mayai yaliyokwisha kuchemka, na kivuli cha mtu humkimbia bwana wake kikatafute kivuli kingine. Basi humo humo, juu ya mawe, alikaa maskini mmoja jina lake Ndahani, na mkewe Sechelela. Hawakuwa na kitu ila mizabibu, mifupi, imekunjamana kama wazee waliogombana. Zabibu zake nyeusi, ndogo, ganda nene. Mvinyo wake mwekundu kama damu ya ng'ombe, na ukiumeza unakukaba koo, unakukausha ulimi, kisha unakuuliza, "Unamwangalia nani?"

Ikawa siku moja akaja mchuuzi kutoka nchi za mvua, amebeba mvinyo wa kwao. Laini huo, unateleza kama uji wa mtoto! Mtemi akaunywa, akausifu. Kisha akaletewa wa Ndahani. Akakunja uso hata masikio yakakaribia kugusana.

"Ndahani we! Huu ni mvinyo au ugomvi?"

"Ni mvinyo, ewe Mtemi."

"Hauna adabu! Umenizaba kofi mbele ya mgeni. Nenda ukaufunze adabu, uje mpole kama wa mwenzio. Ukirudi vilevile, mizabibu yako yote nang'oa, nalaza mbuzi zangu pale."

Ndahani akarudi nyumbani. Sechelela akamtazama.

"Sasa baba Mazoya, mvinyo utauchapa bakora?"

"Mtemi kasema nikaufunze adabu."

"Basi fanya kama unavyomfanyia mtoto. Unaanzia wapi mtoto akikosa adabu?"

Kulipokucha Ndahani akaufunga mtungi wake kwa kitambaa mgongoni, kama mama aliyebeba mtoto mtukutu, akaingia barazani.

"Mbukwenyi, Mtemi," akasalimu Kigogo. "Nimekuletea mkorofi."

Watu wakaangua kicheko. Mtemi akauliza, "Umeshaufunza?"

"Nitaanzaje, ewe Mtemi? Sheria yako mwenyewe yasema mtoto wa mtu haguswi mpaka mwamuzi aende kwao, akae pale alipolelewa, na asinyanyuke mpaka wazazi wamalize kusema. Mtoto wa mfinyanzi alipokosa, ulienda kwao. Na huyu naye ana kwao."

Mtemi akatafuta pa kutokea, hakuona. Sheria yake, baraza linamtazama, na yule mchuuzi anatabasamu. "Haya, twende," akasema.

Basi wakaenda, Mtemi na ngozi yake ya chui mabegani, sisi wengine nyuma, Sechelela katikati yetu. Kigoda kikawekwa katikati ya mizabibu, juu ya mawe.

"Wazazi wako wapi?"

"Baba ni huyo anayekuchoma utosi, Mtemi. Mama ndiye huyo uliyemkanyaga."

"Mbona hawasemi?"

"Mbona wanasema? Sikiliza vizuri."

Mtemi akasikiliza. Jua likasema, mawe yakasema, upepo ukaja na vumbi ukaongeza lake. Mpaka adhuhuri midomo imempasuka, na jasho limejaa miguuni hata mjusi akaogelea. Nilimwona, akavuka ng'ambo. Mtemi akaomba maji.

"Maji ya wapi?" Ndahani akajibu. "Mvua ya hapa ikija huwa imepotea njia. Mkorofi wetu hakunyweshwa."

Mtemi akalipuka. "Literemsheni hilo jua! Na wewe mchuuzi, unacheka nini? Nitakutafuna na viatu vyako!"

Hapo Ndahani akapiga goti, akasema, "Ewe Mtemi, wewe umekaa hapa tangu asubuhi tu, na tayari unataka kumtafuna mgeni. Zabibu ilikaa hapa tangu masika hadi mavuno. Ulitaka itoke inabembeleza?"

Mtemi akaonyesha mtungi kwa kidole, akapewa kibuyu kimejaa. Mvinyo ukamkaba koo, naye safari hii akaukaba. Akanywa tena.

"Una vumbi," akasema polepole. "Una jiwe. Una hasira yangu mimi." Akacheka mpaka ngozi ya chui ikamdondoka. "Mwacheni mtoto huyu! Kafanana na kwao."

Wale mbuzi waliokuwa walazwe shambani akamzawadia Ndahani, na mchuuzi akarudi nchi za mvua na mtungi wa mvinyo mkali, nusu ya njia yeye kaubeba, nusu wenyewe umembeba.

Yote hayo niliyaona kwa macho haya. Ila kimoja nimekitia mwenyewe, nisije nikaitwa mwongo. Yale maneno ya mwisho ya kumjibu Mtemi, ya zabibu kukaa juani, Ndahani hakuyasema. Goti alipiga kweli, lakini nyuma ya mtungi, akijificha. Aliyesema ni Sechelela, na kamba za mbuzi alikabidhiwa yeye.