Subilaga na Kinanda Kinachojipiga

Kinanda kina vidole, masikio ni ya mpigaji.

Mmeisikia leo mazoezini, mwalimu wenu alipomkatiza Atupele katikati ya wimbo, nami nikawaona mkitazamana. Mnataka kujua imetoka wapi. Wako watakaowaambia ni maneno ya wahenga. Wahenga gani hao waliokuwa na kinanda cha umeme? Hii ni methali changa, mama zenu wanaizidi umri, na ilizaliwa hapa hapa usharikani Ipungu. Naijua kwa sababu nilikuwepo, tena nilikuwa upande mbaya. Ketini basi, wajukuu zangu. Ilianza hivi.

Zamani tulikuwa na kinanda cha miguu, kile ambacho mpigaji hukikanyaga chini ili kipate pumzi. Mzee Anyelwisye alikipiga miaka thelathini na moja. Mimi nilipokuwa msichana alinifundisha kwa miaka minne. Nilijua kusoma nota, nilijua kila kidole kinakaa wapi, lakini wimbo wangu ulikuwa mkavu na yeye hakunificha. Nilipoolewa nikaacha, nikabaki kuimba sauti ya pili na kuwa katibu wa kwaya. Hili nawaambia mapema, ili mjue jicho langu lilitoka wapi.

Vidole vya Mzee vilipokakamaa kwa uzee, kijana mmoja wa usharika aliyekuwa akifanya kazi Mbeya alituletea zawadi ya kinanda cha umeme. Ukibonyeza kitufe, kinatoa ngoma. Ukiweka vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kinaongeza besi na gitaa, chenyewe. Wa kukipiga akapatikana Subilaga, binti wa miaka ishirini na sita hivi, aliyekuwa amerudi kutoka Kyela alikozoea kupiga kwenye maharusi.

Jumapili ya kwanza watu waliimba mpaka mchungaji akasahau kutazama saa. Jumapili ya pili wakaja na jirani zao. Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo wa sadaka, kilemba cha Subilaga kikalegea. Akainua mikono yote miwili kukifunga. Na muziki haukukatika. Ngoma iliendelea, besi iliendelea, gitaa liliendelea, kana kwamba ndani ya lile sanduku wamejificha watu watatu. Waumini walikuwa wamefumba macho kwa furaha. Mimi peke yangu nilikuwa nimeyafumbua.

Nikasema moyoni: huyu anatudanganya.

Tangu siku ile sikuimba tena kwa raha. Nilihama katikati ya safu nikasimama mwisho, mahali ninapoweza kuona vidole vyake. Nikaanza kukusanya mambo. Kitabu cha nyimbo alikifungua, lakini mara mbili nilimwona amefungua ukurasa ambao si wa wimbo tunaoimba. Kumbe hasomi nota! Ibada ikiisha alikifunika kinanda kwa kitenge haraka, na mtoto akikigusa alimzuia. Tena alikuwa na kijifuko shingoni, na ndani ya kijifuko mlikuwa na flashi. Flashi ya nini, kwa mtu anayepiga kwa mikono yake? Nikaamini nimepata jibu: nyimbo zote zimo mle, yeye anazifungulia tu kama redio, halafu anachezesha vidole ili tumwone.

Nilimnong'oneza mmoja, naye akamnong'oneza mwingine. Mnavyojua, shaka haihitaji kupigiwa kengele. Mwezi haukwisha, wanawake wakawa wanaulizana kisimani, "Leo mpiga pasi wetu atabonyeza wimbo gani?" kana kwamba anapitisha mkono tu juu ya kinanda. Subilaga akipita walinyamaza. Na yeye alisikia, kwa sababu alianza kuja kanisani akiwa amechelewa kidogo na kuondoka wa kwanza, bila kuaga.

Mwisho nikamwomba mwenyekiti wa kwaya, Baba Mwasomola, aitishe kikao. Tulikaa baada ya ibada, kama watu kumi na watano, na Mzee Anyelwisye akiwa kwenye kiti cha nyuma, fimbo kati ya magoti.

Nikasimama. "Mwenyekiti, naomba huyu dada apige bila kubonyeza kitu. Ngoma izimwe, gitaa lizimwe. Tuone mikono yake."

Subilaga akazima. Akapiga. Wajukuu zangu, alipiga vibaya. Mkono wa kulia ulikwenda, lakini wa kushoto ulijikwaa, ukachelewa, ukapotea. Watu wakaanza kucheka chini kwa chini.

"Mmeona?" nikasema.

"Mama Gwantwa," Subilaga akajibu, "mimi sikusema hata siku moja kwamba najua kupiga kama Mzee. Mkono wangu wa kushoto haukufundishwa na mtu. Najua kuutumia huu mtambo, na najua ninyi mnaimbaje. Hayo mawili tu."

"Na flashi ya shingoni?"

Hapo akakifumbata kijifuko. Nikaona ameshikwa. Baba Mwasomola akaiomba, akaichomeka kwenye redio ya ofisi ya usharika. Sote tukainamisha vichwa tusikilize. Ikatoka sauti ya bibi mmoja akiimba, na kuku akilia nyuma yake. Kisha kikohozi. Kisha Mzee Anyelwisye mwenyewe akiimba polepole, na mkewe, Bibi Kissa, akimfuata. Hamkuwa na kinanda humo, wala ngoma.

"Nawarekodi wazee wanavyoimba," Subilaga alisema. "Nikifika nyumbani nasikiliza. Kila mmoja ana mahali pake pa kuvuta pumzi."

Mtu mwenye haki angeishia hapo. Lakini mwenye shaka hakosi la kusema. "Alah! Kwa hiyo anatuibia sauti kwa siri," nikasema. "Nani ajuaye anazipeleka wapi?" Na wale waliokuwa wameanza kulegea wakakaza tena nyuso.

Baba Mwasomola akamgeukia Mzee. "Wewe ndiye mwalimu wetu. Unasemaje?"

"Mimi nimesikia," Mzee Anyelwisye akasema. Hakuongeza.

Kikao kikaamua Subilaga apumzike. Akachukua flashi yake, akakifunika kinanda kwa kitenge kile kile, akauliza, "Sasa nani atapiga?"

"Kama kinajipiga, hata mimi nitapiga," nikajibu. Na ndivyo ilivyokuwa.

Siwadanganyi, Jumapili tatu zilikwenda vizuri. Vidole vyangu vya zamani vilirudi, nota nilizisoma, vitufe nilishavikariri kwa kumtazama Subilaga. Nilibonyeza ngoma, nikabonyeza kasi, kinanda kikatii. Nikawa nikirudi nyumbani najisemea, si nilisema? Mama mmoja wa sauti ya kwanza alinilalamikia kwamba siku hizi nyimbo zinamkimbiza. Nikamwambia aache uvivu.

Wiki ya nne, Bibi Kissa akafariki.

Kanisa lilijaa siku ya mazishi. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, watu waliingia na matope miguuni. Baada ya mahubiri, Mzee Anyelwisye akainuka na fimbo yake, akasimama karibu na jeneza. Akasema anataka kumwimbia mkewe wimbo waliofungia ndoa, ubeti wa kwanza aimbe peke yake, kisha tumpokee. Akanitazama. "Nisaidie, mwanangu."

Nikafungua ukurasa. Nikachagua mapigo ya taratibu, kasi kama kitabu kilivyoandika. Nikaweka vidole vitatu mahali pake. Kila kitu kilikuwa sahihi.

Mzee akaanza. Mstari wa kwanza tulikwenda pamoja. Kwenye mstari wa pili lilikuja neno la kuitana kwa upendo, na alipolifikia, sauti yake ikakwama. Akanyamaza, mkono wake ukagusa ubao wa jeneza.

Ngoma haikunyamaza. Tu-ta-ta, tu-ta-ta, besi inatembea, gitaa linachekelea. Mimi macho yangu yalikuwa kitabuni. Nilikuwa nimeshafika mstari wa tatu nilipogundua kwamba naupiga peke yangu. Mzee akajaribu kukimbia atukute. Akakosea. Akaanza upya, na mtambo ukawa umempita tena. Mzee wa miaka themanini anakikimbiza kinanda mbele ya maiti ya mkewe! Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kizimeni hicho!" Nami kwa hofu nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe, na ngoma ikaongezeka kasi.

Nilihisi mtu amesimama kando yangu. Alikuwa Subilaga. Alikuwa amekaa na waombolezaji, kanga imefungwa kiunoni. Aliuweka mkono wake kwenye kitufe cha ngoma, na kukawa kimya. Nikasogea, naye akakaa.

Hakupiga. Alimtazama Mzee, akangoja. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka nikadhani naye ameshindwa. Kisha Mzee akavuta pumzi, na pale pale alipovuta, Subilaga akagusa sauti moja tu, chini kabisa, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko. Mzee akaimba. Alipokwama, kidole kikakaa palepale. Alipoendelea, kikaendelea. Mkono wa kushoto ule ule tulioucheka kikaoni haukufanya mambo mengi. Uligusa mara moja katika mstari, na ulikuwa haukosei.

Ubeti wa pili ulipofika, na sisi tukampokea, nikauona mkono wake ukienda kwenye vitufe. Nikashtuka. Lakini aliileta ngoma ndogo mno, na kasi yake aliipunguza tangu mwanzo, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ni mwendo wa mzee yule na si wa kitabu. Ndugu wa marehemu walianza kuyumba nayo. Mzee akaimba beti zote nne, hakuachwa hata neno moja.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta ameketi barazani, nikapiga goti, nikasema nilichokuja nacho.

"Mzee, nisamehe. Nilikukimbiza."

"Ulinikimbiza kweli," akasema.

"Lakini nieleze. Uliona tangu mwanzo kwamba kile kinanda kinajipiga?"

"Niliona wiki ya kwanza. Mimi si kipofu."

"Mbona kikaoni hukusema?"

"Ningesema nini? Ulitaka nikwambie kama vidole ni vyake. Si vyake vyote. Kile kinanda kina vidole vingi kuliko vyangu na vyako, tena havichoki. Sasa nami nikuulize. Juzi nilivuta pumzi wapi?"

Nikatafuta. Miaka minne ya nota, na mwezi mzima wa kuvizia vidole vya mwenzangu, na sikuweza kumjibu mzee alivuta pumzi wapi.

"Yeye anajua," Mzee Anyelwisye akasema. "Kinanda kina vidole, mwanangu. Masikio ni ya mpigaji."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Subilaga. Alikuwa akipalilia migomba. Nilimwomba radhi, naye akaipokea, lakini msidhani tulikumbatiana. "Nimekusikia, Mama Gwantwa," alisema, akaendelea kupalilia. Alirudi kwenye kinanda Jumapili iliyofuata kwa sababu Mzee alimwita, si kwa sababu yangu. Kwa zaidi ya mwaka, kila niliposogea karibu naye, mabega yake yalikaza. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushuku.

Yale maneno ya Mzee niliyarudia mwenyewe mbele ya kwaya nzima, siku niliyomwomba radhi hadharani. Yakashika. Kwanza yalisemwa kanisani, baadaye nikayasikia sokoni: fundi aliyekuwa na cherehani ya umeme akamshonea bibi harusi gauni lisilomkaa, na mama wa bibi harusi akamtupia maneno hayo hayo usoni. Hapo nikajua yameshatoka mikononi mwetu, yamekuwa methali.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha mtambo unaojipiga, usiharakishe kusema huyu si mwanamuziki, kama nilivyosema mimi. Wala usiharakishe kusema ni mwanamuziki, kwa sababu tu ngoma inalia. Ngoja mwimbaji akwame, kisha tazama nani amengoja naye. Kinanda kina vidole, masikio ni ya mpigaji.