Koti la Sufu la Kompyuta ya Olfa

Binadamu akipatwa na jambo, jicho lake hutangulia nje. Humtazama jirani, humtazama mgeni, humtazama hata mpita njia aliyeshika hamsini zake. Nguo aliyoivaa mwenyewe huikagua mwisho, tena baada ya kuchoka kujikuna. Wahenga hawakuwabembeleza watu wa namna hiyo. Waliwaambia kikulacho ki nguoni mwako. Asiyesadiki na asikilize yaliyomfika Olfa wa Kairouan, mji wa mazulia huko Tunisia.

Nyumba za Kairouan hazikosi sufu, lakini nyumba ya Mama Mongia, mamake Olfa, ilizishinda zote. Mama huyo alikuwa amestaafu kusuka mazulia, ila vidole vyake vilikataa kustaafu. Televisheni alikuwa ameivika, simu ya mezani ameivika, mashine ya kusagia ameivika, hata rimoti ilikuwa na fulana yake. Olfa alipopata kompyuta mpakato, haikupita wiki nayo ikafumiwa koti la sufu nyekundu na nyeupe, isipatwe na vumbi wala jicho la hasidi. Olfa alilipenda koti hilo. Kila alipomaliza kazi aliitia kompyuta ndani yake na kulifunga vifungo vyote, kama mtoto anayepelekwa shule wakati wa baridi.

Jumamosi moja ikafika siku ya mtihani wa leseni ya ukalimani wa mahakamani. Mtihani huo ulifanywa mara moja kwa mwaka, mtandaoni, na kila mtahiniwa alilazimika kutumia kompyuta aliyoisajili kwa jina lake. Ya kuazima haikukubaliwa. Olfa alikuwa amejiandaa barabara. Sheria alizijua, Kifaransa alikimudu, na hofu hakuwa nayo hata chembe. Asubuhi alichomeka chaja, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta betri imebaki robo, tena inazidi kushuka. Alichomoa, akachomeka. Alibadilisha soketi. Alizima, akawasha. Ile taa ndogo ya kuchaji iliyo pembeni haikuwaka. Mtihani ungeanza saa tisa alasiri, na betri ile isingemfikisha hata katikati.

"Jana ni nani aliyeazima chaja?" Mama Mongia aliuliza kutoka jikoni, na jibu alikuwa nalo.

"Sihem."

"Basi! Si nilikwambia? Chaja imetoka hapa nzima, imerudi maiti. Na yule macho yake mazito. Juzi kaisifu hii laptopu wee, hata mashallah hakusema!"

Sihem alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, daktari wa meno, aliyekua na Olfa wakila sahani moja. Siku nyingine Olfa angemcheka mamake. Siku hiyo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Aliikwapua chaja, akavuka kizingiti cha jirani, akaanza kufoka kabla ya salamu.

"Umeniulia chaja, Sihem! Leo, siku ya mtihani wangu! Kama imeungua kwako, si ungesema tu?"

Sihem aliliweka birika chini. Maneno yale yalimchoma, na uso wake haukuficha. Lakini hakuwa mtu wa kwenda kulilia pembeni.

"Ukitaka kunitukana, dada, nitukane na ushahidi mkononi. Lete hiyo chaja."

Aliichomeka katika kompyuta yake mwenyewe. Taa ikawaka papo hapo.

"Haya, maiti wako huyo anapumua. Sasa tuchukue chaja yangu tukaijaribu kwako."

Walirudi pamoja. Chaja ya Sihem nayo, iliyokuwa nzima kabisa, haikuwasha chochote kwenye kompyuta ya Olfa. Olfa akashika tama.

"Ni betri hiyo, imekufa," alisema Mama Mongia. "Ipelekwe kwa fundi, na huyu aende zake kwao."

"Khalti Mongia," alijibu Sihem, ambaye tangu utotoni alimwita hivyo, yaani mama mdogo, "mgonjwa akija kwangu akisema hawezi kula, simpasui tumbo. Namwambia kwanza afungue mdomo. Hebu tazameni hapa. Kwangu plagi imeingia yote. Hapa inabakia nje kidogo. Humu ndani kuna kitu."

Aliizima kompyuta kabisa, akakimbia kwake kuchukua taa ya kichwani ya kazini, akaivaa, akaomba kijiti cha kuchokolea meno. Mama Mongia akamletea sindano ya kufumia. Sihem akaikataa, alitaka cha mti, kwa sababu chuma kingeweza kuharibu vilivyomo. Olfa aliishika kompyuta kwa mikono miwili, roho yake juu juu. Kijiti kiliingia taratibu, kikatoka na unyuzi mwekundu. Kikaingia tena, kikatoka na mweupe. Mwisho likatoka donge zima, lililoshindiliwa na plagi siku baada ya siku hadi likawa gumu kama zulia.

Wote watatu walilitazama donge, kisha wakalitazama koti lililokuwa kitini. Rangi zilikuwa zilezile.

"Sufu yangu haitoki manyoya," alisema Mama Mongia, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Inatoka, Khalti. Halafu mtu anasema macho yangu ni mazito."

Plagi ikaingia hadi mwisho. Taa ikawaka. Furaha ya Olfa haikutoka nje, kwa kuwa aibu ilikuwa imeziba mlango.

"Nisamehe, Sihem. Nimekuvunjia heshima ndani ya nyumba yako, nawe hukunikosea lolote."

"Nimeumia, sikufichi. Miaka yote hii, kisha mtu wa kwanza kumdhania ni mimi? Lakini kafanye mtihani kwanza. Ukifeli, nitakuwa nimemtibu mgonjwa bure."

Olfa alijibu swali la mwisho betri ikiwa imejaa pomoni. Alipotoka chumbani, alimkuta mamake amelifumua lile koti lote na kuanza kufuma kitu kingine, huku Sihem akiwa ameketi kando yake akinywa chai ya nanaa.

"Ni shali ya huyu binti," alisema Mama Mongia bila kuinua macho. "Nilimkosea."

"Mimi nivike utakavyo, Khalti," alisema Sihem. "Ila laptopu yangu niachie uchi."

Wakacheka hadi chai ikamwagika. Kisha Olfa akaliokota lile donge la sufu, akalitia katika kisanduku chake cha vipuli, ili siku nyingine atakapotaka kumnyooshea jirani kidole akumbuke kwamba kikulacho ki nguoni mwako.