Kalibu Iliyong'aa kwa Nje

Wapendwa, leo sina maneno makubwa. Nina habari za fundi mmoja tu. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana katikati mtamcheka, na mwisho mtajuta kwamba mlimcheka.

Fundi huyu alikaa katika kituo cha askari wa wanyamapori, mbali huko, mahali ambapo mashamba ya mahindi yanapakana na pori. Kazi yake ilikuwa kujaza risasi. Najua wengi wenu hamjaiona kazi hiyo, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Risasi ikishapigwa, linabaki ganda lake la shaba. Ganda hilo linakuwa limetanuka, kama tumbo la mtu aliyetoka arusini, na haliingii tena kwenye bunduki mpaka libanwe. Linabanwa kwa nini? Kwa kalibu. Kalibu ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo la ganda. Unaifunga kwenye mashine ya mkono, unalisukuma ganda ndani, na likitoka limerudi kwenye kipimo chake. Ndipo linajazwa upya na askari analichukua kwenda nalo porini. Basi kila risasi ya kituo kile ilikuwa imepita ndani ya kalibu moja, kalibu ya fundi yule.

Na kuichagua aliichagua! Alisafiri siku mbili mpaka mjini, mfukoni amebeba ganda lililopigwa na bunduki ya kituo. Muuzaji akamwekea kalibu tatu mezani. Ya kwanza ilibana mno, akaisukuma pembeni. Ya pili ililegea. Ya tatu akaizungusha vidoleni, akaichungulia kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu.

"Hapo umechagua, fundi," muuzaji akamwambia. "Hii ukiwa unaifungua na kuipangusa ndani, itakuzika wewe."

Fundi akacheka, akaifunga kwenye kitambaa cha flana kama mtoto mchanga.

Alipofika kituoni ilimchukua siku tatu kuirekebisha kwenye mashine: akaze kidogo, alegeze kidogo, apime, arudie. Ilipokaa sawasawa aliichora alama ya rangi nyekundu kwenye nati, akatangaza kwamba asiiguse mtu. Na yeye mwenyewe hakuigusa. Kwa nini? Kwa sababu ili uipanguse ndani, lazima uifungue, na ukiifungua unapoteza kile kipimo cha siku tatu. Nani anataka kuanza upya? Basi kila asubuhi alichukua flana yake na mafuta kidogo, akaisugua kwa nje. Kalibu ile iling'aa, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Wageni waliokuja kituoni walionyeshwa. Mzee wangu pale dirishani, usimcheke, na wewe una baiskeli yako ninayoijua.

Sasa, miongoni mwa askari wa kituo kile alikuwamo mume wa dada yake. Mtu mzima, mpole, mwenye kusema machache. Siku moja wakati wa kiangazi alikuja karakanani akiwa na maganda matano kiganjani.

"Shemeji, samahani," alisema. "Nimeyaangalia haya. Kila moja lina mchirizi ubavuni, kama limekwaruzwa, kuanzia hapa mpaka hapa. Yote, pahali pale pale."

Fundi hakuinua hata kichwa. "Maganda ya siku hizi, shemeji. Shaba yenyewe imechanganywa na sijui nini. Zamani ndiyo ilikuwa shaba."

"Hata yale mapya yaliyoletwa juzi?"

"Hata mapya."

"Nilikuwa nafikiri labda ndani ya kalibu..."

Hapo fundi akainua kichwa. "Kalibu hii?" akasema. "Shemeji, wewe jua bunduki yako, mimi nijue kalibu yangu."

Yule askari akasema, "Sawa, shemeji." Akayarudisha maganda mezani taratibu, akatoka.

Baada ya hapo fundi aliandika barua kwa mkuu wa kituo kulalamikia maganda. Yakaletwa mengine, nayo yakatoka na mchirizi. Akaandika tena. Alitupa maganda, alimlaumu aliyeyanunua, aliilaumu barabara iliyoyatikisa, na nasikia aliilaumu hata mvua. Mikono yake ilipita juu ya kalibu ile kila asubuhi, na hakuwahi kujiuliza.

Wapendwa, nyati akaingia mashambani. Nyati dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, na tayari alikuwa amemjeruhi mama mmoja aliyekuwa akipalilia. Watu wakaogopa kwenda mashambani na mahindi yakaanza kuliwa. Kituo kikatuma askari wawili, na mmoja wao alikuwa yule shemeji mtu. Asubuhi hiyo alipita karakanani kuchukua risasi. Alichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama ubavuni. Fundi alimwona. Mnasikia? Alimwona anaitazama. Yule akaitia kwenye mkanda wake pamoja na risasi nyingine, akasema, "Haya shemeji, tutaonana." Akaondoka.

Walimkuta nyati kwenye vichaka vya mtoni. Shemeji alipiga ya kwanza, ikampata, lakini nyati haanguki kwa moja. Akavuta komeo la bunduki ili atoe ganda aweke ya pili. Komeo halikuja. Ganda lilikuwa limepasuka ubavuni, kwa kufuata ule mchirizi, likang'ang'ania ndani ya bunduki. Akavuta tena. Mwenzake alikuwa ng'ambo ya kijito, na alipopata nafasi ya kupiga bila kumpiga rafiki yake, alikuwa amechelewa. Nyati alikufa pale, na mtu alikufa pale.

Bunduki ililetwa karakanani ganda likiwa bado ndani. Fundi akachukua fimbo ya chuma, akaligonga likatoka. Akaliweka mezani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aipake ile rangi nyekundu, akachukua spana akaifungua kalibu.

Ndani, mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kama ukoko wa sufuria, na katika ukoko huo ilikuwamo chembe ya mchanga. Moja tu. Aliitoa kwa ncha ya sindano, ikakaa kiganjani mwake, na alilazimika kuinama ili aione.

Siku ya tatu ya msiba alikwenda kwa dada yake. Nataka mjue kwamba alikwenda kusema. Chembe ile alikuwa ameifumbata kiganjani, amekusudia kufungua mkono mbele yake. Dada yake alikuwa ameketi mkekani katikati ya akina mama.

"Kaka," dada alimwambia, "wanasema bunduki iligoma. Iligoma kwa nini?"

Fundi akawatazama wale akina mama. Wote walikuwa wamenyamaza wakimsikiliza yeye, fundi mkuu.

"Ni maganda, dada," akasema. "Maganda ya siku hizi ni mabaya."

Dada akamtazama. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Aliniambia, kaka. Alisema kalibu yako ina kitu ndani. Nikamwambia, basi mrudie, umwambie tena. Akasema, shemeji ni mkubwa wangu, nimeshamwambia mara moja, kumrudia mara ya pili ni kumvunjia heshima."

Kisha akajifunika khanga usoni. Na kaka yake akabaki amekaa pale, mkono umefumba. Hakuna aliyemwambia aondoke, na yeye hakuweza kusimama.

Sasa mmeacha kucheka. Vizuri. Tujiulize sisi.

Sisi wazazi, tunasema watoto wa siku hizi wameharibika. Huyu ana hasira, yule ana hasira, wa tatu naye. Mchirizi pahali pale pale! Wamepita wapi hawa? Sisi wazee wa kanisa, kila anayekaa chini yetu anaondoka na jeraha lile lile, na tunaandika barua kwamba waumini wa siku hizi hawana uvumilivu. Tumejisugua kwa nje. Sare zetu safi, sauti zetu nzuri, viti vyetu vya mbele. Kufungua ndani tunaogopa, maana tukifungua tutaanza upya, na tumeshazoea kuonyeshwa kwa wageni.

Na kuna jambo linalonitisha zaidi ya mchanga. Alikuwepo mtu aliyeona. Alisema kwa adabu, mara moja, akajibiwa vibaya, akanyamaza, akaenda kufa na adabu yake. Ndugu yangu, kama nyumbani kwako hakuna anayekukosoa tena, usifurahi ukadhani umekuwa mtakatifu. Huenda walikuambia mwaka juzi. Huenda mkeo, huenda mdogo wako, anaigeuza risasi kwenye mwanga kila asubuhi, anakwambia "tutaonana", na wewe unamwona.

Usingoje akwambie mara ya pili. Heshima yetu imemfunga mdomo, kwa hiyo ni wewe wa kumrudia. Muulize: uliwahi kuniambia nini, nikakataa? Ukishauliza, nyamaza.

Nami nisiwatume mahali ambapo sijakwenda. Jana asubuhi nilimuuliza mama mchungaji swali hilo hilo. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja mpaka zikaisha, akazibeba, akatoka nje, bila kunijibu.

Leo tukimaliza ibada nitarudi nyumbani, nimuulize tena. Niombeeni. Tusimame.