Jina Chini ya Kinoo

Sogeeni, ngano yaja.

Na ije, tumekaa.

Alikuwako kinyozi, Kombo, mwenye wembe butu na mke aliyempenda kupita kiasi, Mize. Siku moja jini wa mtoni akampa kinoo, jiwe laini la kunolea. "Litunze," akasema, "ila usichore jina juu yake."

Lakini vinyozi wa sokoni huchora vinoo vyao visije vikachanganywa. Kombo akaona jina lake halipendezi, akachora la mkewe, upande wa chini, lisifutike kwa kunoa.

Akanoa mara ya kwanza, sauti ya Mize ikafifia. Akanoa mara ya pili, Mize akapita mchangani bila kuacha nyayo. Akanoa mara ya tatu, kivuli chake hakikuonekana. Kombo akaligeuza jiwe, akakuta jina limebaki kama mkwaruzo wa ukucha.

Akalikimbiza mtoni. "Bwana jini, nilifute jina hili?"

"Likifutika, naye kafutika."

"Basi nilichore upya?"

"Jaribu."

Patasi ikateleza kama juu ya maji.

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nilikwambia usichore," jini akasema, akazama.

Kombo akaacha kunoa, akaacha na kunyoa. Ndevu zake mwenyewe zikafika kifuani. Jiwe amelilaza juu ya pamba. Hathubutu kulipangusa kwa kitambaa. Vumbi hulipuliza tu, taratibu. Na kila akipuliza, Mize kule jikoni hushika ukuta asipeperuke.

Ngano imeishia hapo. Mkitoka, fungeni mlango polepole.