Mwanga wa Barazani

Mama mmoja alikuwa na wana wawili, na wote wawili walikuwa wapiga picha. Mkubwa aliitwa Ambilikile, mdogo aliitwa Lusekelo. Walikaa kwenye kilima cha chai juu ya Tukuyu, mahali ambapo ukungu huingia bila kubisha hodi na jua hupita kama mgeni mwenye haraka. Watu walimwita yule mama Mama Ambi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Kila aliyemsalimu alimtaja Ambilikile bila hata kukusudia. Lakini Ambilikile hakuyasikia hayo. Sikio lake lilikuwa kwingine.

Mambo yalianza siku mjomba wao alipofunga studio. Mjomba Mwaisumo alikuwa amewapiga picha watu wa mji ule tangu ujana wake, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na sasa macho yake yalikuwa yameingiwa na utando. Aliwaita wapwa zake, akapanga kamera zake mezani, akasema kila mmoja achague moja, na mkubwa aanze. Ambilikile hakusita. Alichukua ile kubwa yenye lenzi ndefu na ukanda mpana wa ngozi, kamera iliyopima mwanga yenyewe na kumwachia mpigaji kazi ya kulenga na kubonyeza. Ilikuwa kamera nzuri, na aliichagua vizuri. Shida haikuwa kamera.

Lusekelo alizishika zilizobaki, moja baada ya nyingine. Kila moja aliiinua hadi jichoni, kisha akaishusha taratibu. Mwishowe alichukua ndogo kuliko zote, iliyoenea katika mfuko wa koti. Hiyo haikupima kitu. Juu yake palikuwa na gurudumu la kupanga kasi ya kamera kufumbua na kufumba, kwenye lenzi palikuwa na pete ya kuongeza na kupunguza mwanga, na nyuma palikuwa na dirisha dogo la kuchungulia, dogo kiasi kwamba ukiweka jicho pale dunia yote hupotea, hubaki kile tu ulichokielekea. Mjomba alitaka kujua kwa nini ameipenda hiyo. Lusekelo alisema hiyo angeweza kwenda nayo kila siku, shambani na hata msibani, bila mtu kugeuza shingo. Basi mjomba akampeleka mlangoni, akamfundisha kuusoma mwanga kwa kutazama kivuli cha vidole kwenye kiganja chake mwenyewe: kivuli kikiwa kikali apunguze, kikififia aongeze. Ambilikile alikuwepo. Alikuwa anafuta lenzi yake ndefu, akiona kwamba hayo hayamhusu.

Wakafanya kazi. Walipoitwa harusini waliitwa pamoja, na picha zao zote ziliuzika. Picha za Ambilikile watu walizipanga kwenye albamu. Za Lusekelo walizitundika ukutani. Hiyo ndiyo tofauti, wala hakuna mtu aliyeisema kwa kinywa. Lakini mwenye wivu haambiwi, huona mwenyewe. Ambilikile alianza kuingia nyumba za watu na kutazama kuta kabla ya kutazama wenyeji. Aliketi na mama yake, wakaletewa picha, naye akawa anasikiliza kicheko cha mama kwa picha zake na kicheko cha mama kwa picha za mdogo wake, akivilinganisha urefu. Sokoni mama mmoja muuza ndizi, aliyezoea kumwita shemeji kwa utani, alimwambia lenzi ndefu namna ile ni ya mtu anayechungulia vya jirani. Watu wakacheka. Ambilikile naye akacheka, lakini akaifunika lenzi kwa koti.

Ndipo akafikiri kwamba siri iko kwenye kamera. Alikwenda Mbeya na ile kubwa shingoni, akaibadilisha kwa ndogo, ya aina ile ile, ya rangi ile ile. Muuzaji alimwuliza kama ana hakika, maana aliyoitoa ilikuwa bora kuliko aliyoipokea. Alijibu kwamba anajua anachokitaka. Nacho alichokitaka hakikuwa kamera. Njiani kurudi aliiweka kwenye mfuko wa kushoto wa koti, kwa kuwa Lusekelo huiweka kushoto.

Lusekelo alipoiona alifurahi. Alisema sasa wataweza kuazimana lenzi, akajitolea kumwelekeza namna ya kupima mwanga. Ambilikile alisema anajua. Hakujua. Lakini kumwuliza mdogo wake kulikuwa kumkubali, na hilo hakuweza kulimeza. Akatafuta njia nyingine. Kila Lusekelo alipotega kamera yake, Ambilikile alisogea karibu kana kwamba anatafuta mahali pa kusimama, akachungulia gurudumu na pete, akasoma nambari mbili, akageuza za kwake zifanane. Na kwa kuwa walisimama bega kwa bega, wakawapiga watu wale wale chini ya jua lile lile, picha zake zilitoka. Zilitoka vizuri. Hapo ndipo kosa lake lilipoanza kuonekana kama ujuzi.

Katika nchi ile mtu anapozikwa, picha yake hutangulia mbele ya jeneza, imewekwa kwenye fremu, imebebwa na mzaliwa wa kwanza. Mama Ambi hakuwa na picha. Tangu alipofiwa na mume alikataa kupigwa, akisema uso wake umefunga duka. Kisha kifua kikaanza kumsumbua. Akawaita wanawe, akawaambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitenge, kwamba atakaa mbele ya kamera ya kila mmoja mara moja, naye mwenyewe atachagua ipi itamtangulia. Lakini Ambilikile alilisikia neno hilo kama hukumu iliyopangiwa siku. Hakulala vizuri tena. Aliiona njia ya makaburini, watu wamejipanga pande zote mbili, na juu ya mikono yake mwenyewe picha iliyopigwa na Lusekelo.

Siku ilipofika, ukungu ulifunguka asubuhi na jua likashuka uani. Ilikuwa zamu ya mkubwa kuanza. Ambilikile akasema mdogo wake atangulie. Mama alishangaa, akamsifu kwa upole wake mbele ya majirani. Upole haukuwepo. Alitaka kuziona nambari.

Lusekelo aliweka kigoda katikati ya uani, palipokuwa na jua, akamkalisha mama. Alitazama kivuli cha vidole kwenye kiganja chake. Aligeuza gurudumu, akageuza pete, akaweka jicho dirishani. Jua lilimpiga mama usoni, naye akakunja paji kidogo, kama watu wote wanavyokunja. Lusekelo akabonyeza. Mama alipoinuka, akaiweka kamera juu ya kigoda ili amshike mama mkono na kumfunga kitenge kilicholegea. Ambilikile aliinama kana kwamba anafunga kamba za kiatu, akasoma nambari zote mbili, akazihamisha kwenye kamera yake.

Halafu akampeleka mama barazani. Mahali hapo alikuwa amepachagua mwenyewe, siku nyingi kabla, na hapakuwa na mpiga picha ambaye angechagua vizuri zaidi. Paa lilishuka chini, kivuli kilikuwa kizito na cha baridi, na pale ukutani kilikaa kiti cha marehemu baba, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba. Mama alisimama mbele ya kiti kile, akapitisha kiganja kwenye mkono wa kiti, akaketi. Akamtazama mzaliwa wake wa kwanza. Na akatabasamu, tabasamu lenye mwanya ambalo nyumba ile haikuliona tangu siku alipozikwa mume.

Ambilikile aliliona. Alikuwa ameweka jicho moja dirishani, na dunia yote ilikuwa imepotea, isipokuwa uso ule. Lakini moyo wake ulikuwa bado uani, juu ya kigoda, unajiuliza kama nambari zimefanana kweli na zile. Hakutazama kiganja chake. Akabonyeza.

Mama aliponyanyuka alisema, na majirani wakasikia, kwamba hiyo ya barazani ndiyo itakayomtangulia, hata kabla haijasafishwa. Ambilikile alifurahi. Hakufurahi kwa ajili ya tabasamu. Alifurahi kwa kuwa Lusekelo alikuwa amesimama karibu na kusikia.

Mikanda ya filamu ilipelekwa Mbeya kusafishwa. Kabla haijarudi, kifua cha mama kilizidi, akafa. Bahasha zilifika nyumba ikiwa imejaa waombolezaji. Ndugu wawili waliingia chumba cha ndani, wakazifungua. Katika picha ya Lusekelo mama alikuwa pale, kigodani, paji limekunjwa kidogo kwa ajili ya jua, kila uzi wa kitenge unaonekana. Katika picha ya Ambilikile palikuwa na giza. Ndani ya giza hilo palionekana ukingo wa kiti, na doa la kitambaa cheupe cha kichwa, basi. Uso haukuwepo.

Ambilikile aliitazama, kisha akamgeukia mdogo wake kwa hasira. Alisema amefanyiwa hila. Alisema nambari aliziona kwa macho yake, pale kigodani, akazifuata moja kwa moja, na mtu hawezi kupata giza kwa nambari zilizompa mwenzake uso, ila kama mwenzake alizigeuza makusudi ili ampoteze. Akiwa katikati ya maneno hayo alitambua amekwisha kusema alichokificha miaka yote, lakini maneno yalikuwa yametoka.

Lusekelo aliichukua ile picha ya giza, akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu kana kwamba uso utajitokeza ukisubiriwa. Kisha akasema kwa upole:

"Kaka, nambari zilikuwa sahihi. Lakini mimi nilimpiga mama juani. Wewe ulikuwa naye barazani."

Wakamzika mama jioni ile. Mbele ya jeneza alitangulia mzaliwa wa kwanza, kwa kuwa desturi haikumwuliza kama anataka, na mikononi mwake alibeba picha iliyopigwa na ndugu yake. Alikuwa ameifikiria njia ile kwa hofu siku nyingi, na sasa aligundua jambo ambalo hofu haikumwambia. Anayebeba picha huielekeza kwa watu. Basi watu wote waliojipanga njiani waliuona uso wa Mama Ambi, wakasema ni yeye kabisa, isipokuwa aliyeubeba. Yeye kifuani pake palikuwa na ubao wa nyuma wa fremu. Nao walioulilia uso ule uliokunjwa na jua hawakujua kwamba palikuwa na tabasamu. Tabasamu lile alipewa mtu mmoja tu, kwenye kiti cha baba, mahali alipopachagua mwenyewe, kwa kamera iliyokuwa na uwezo wote wa kulishika. Hakunyang'anywa na mtu. Lilikuwa lake tangu mwanzo, kama jina la mama lilivyokuwa lake.

Wewe unayesikia haya, unayejua nambari za ndugu yako kwa moyo: ni lini mara ya mwisho ulipokitazama kiganja chako mwenyewe, ukaona umesimama kwenye mwanga gani?