Nyayo Dirishani kwa Mwanamize

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa mchanga. Na juu ya mchanga? Nyayo. Na juu ya nyayo? Maneno! Haya, sogeeni motoni. Nanyi wanaume msikae huko nyuma kama watu wanaotaka kukimbia. Hadithi ya leo ina kinu, ina dirisha, ina jogoo. Atakayeguswa akohoe, tutamjua.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakiishi pamoja na kusengenyana kwa lugha moja, palikuwa na kijiji kiitwacho Kichangani. Mchanga wake ulikuwa mweupe na laini, hata siafu akipita alama yake inabaki. Na kila alfajiri, kabla ya uji, kabla ya maji, kabla ya mswaki, wanawake wa Kichangani walishika fagio za chelewa wakafagia viwanja vyao: fya, fya, fya! Wanaume wakiamka wanakuta uwanja una mistari mizuri. Hawakuuliza nani kaichora. Walidhani uwanja wa mtu mwenye heshima unaamka safi wenyewe.

Shikeni hapo, tutaparudia.

Basi, Kichangani alikaa mjane mmoja, Mwanamize. Mumewe alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Mwanamize alimlilia, akakaa eda akaimaliza, akavaa nguo za huzuni mpaka zikachakaa. Kisha siku moja akafungua sanduku, akatoa kanga nyekundu. Akapaka mafuta. Akatia asumini kichwani. Na jioni ile majirani wakasikia kicheko nyumbani kwake. Wala hakikuwa kimoja. Vilikuwa vicheko viwili, kimoja chembamba na kimoja kizito.

Jamani! Siku ile Kichangani chakula hakikushuka kooni.

Baraza la kijiji lilikuwa na wazee watatu. Wa kwanza Mzee Jogoo, mwenye wake kumi na wawili, na tayari alikuwa anamkodolea macho wa kumi na tatu. Watu walimsifu, wakasema, "Dume hilo!" Wa pili Mzee Beberu, aliyenuka tangu ng'ambo ya kijiji. Watu walimsifu naye, wakasema, "Ndiyo harufu ya kiume hiyo!" Wa tatu Mzee Mfaume, binadamu mwenzetu, mwenye wake watatu na viatu vya kubadhi, kimoja kimepasuka kisigino.

"Amefiwa huyu," akasema Jogoo, "anacheka nini?"

"Asumini yake inaninyima usingizi," akasema Beberu.

"Mimi nina mabinti," akasema Mfaume. "Wakijua kwamba mwanamke anaweza kucheka vile, nani atawatuliza?"

Wakakaa, wakanong'ona, wakatoka na sheria. Mwanamize asifagie uwanja wake asubuhi mpaka baraza liukague. Zikionekana nyayo za kiume asubuhi tatu, atahama kijiji, na nyumba itakuwa ya baraza.

Nyumba ile Mwanamize aliikandika mwenyewe, kwa udongo aliobeba kichwani mwake. Mwasumini wa mlangoni aliupanda yeye. Hakuwa na nyumba nyingine duniani, wala ndugu wa kumwambia karibu. Alipoletewa sheria ile, alisimama mlangoni akauliza neno moja tu.

"Na huyo mwenye nyayo, wazee wangu, yeye atahamia wapi?"

Wazee wakatazamana.

"Nani?" akauliza Jogoo.

"Mwenye nyayo."

"Ah! Sisi hatushtaki nyayo," akasema Beberu. "Tunashtaki uwanja."

Mnacheka? Chekeni tu. Mimi nimeona mabaraza yenye akili hiyo hiyo, na hayakuwa na mbuzi hata mmoja.

Sasa, msoma nyayo wa Kichangani alikuwa Bi Kobe. Macho yake yako karibu na ardhi, na haraka hana. Asubuhi ya kwanza wakamleta.

"Bi Kobe, soma!"

Bi Kobe akainamisha shingo. "Naona nyayo za mwanamume. Mguu wa kushoto una vidole vinne. Zimekuja mlangoni, zikasimama, zikaingia. Alfajiri zimetoka mlangoni. Na hapa dirishani naona tena..."

"Imetosha, Bi Kobe!" akasema Jogoo. "Asubuhi moja hiyo."

Asubuhi ya pili wakamleta tena.

"Bi Kobe, soma!"

"Vidole vinne. Zimeingia mlangoni, zimetoka mlangoni. Na hapa dirishani naona pia..."

"Imetosha, Bi Kobe!" akasema Beberu. "Asubuhi mbili hizo."

Asubuhi ya tatu kijiji kizima kilikuja kutazama. Wanawake nao walikuja. Tena wao ndio walikuwa na midomo mirefu. Mbele kabisa alisimama Koo, mke mkubwa wa Jogoo, ametoka kufagia sasa hivi, chelewa bado iko kwapani.

"Mwenzetu huyu anatutia aibu sisi wanawake," akasema Koo. "Tazameni uwanja wake ulivyo! Mimi uwanja wangu ukiuona utadhani hapajawahi kukanyaga mtu."

"Bi Kobe, soma!"

"Vidole vinne," akasema Bi Kobe kwa uchovu. "Mlangoni, mlangoni. Na hapa dirishani, jamani, nisikilizeni..."

"Imetosha, Bi Kobe!" akasema Mfaume, na tayari alikuwa anapima kwa hatua mahali atakapoweka kiti chake. "Asubuhi tatu hizo. Mwanamize, kesho uhame."

Mwanamize akatazama mwasumini wake. Akatazama ukuta, alama za viganja vyake bado ziko kwenye udongo. Machozi yakamjia, akayameza. Kisha akamtazama Koo na ile chelewa ya kwapani. Akatazama wale wanawake wengine, kila mmoja na chelewa yake.  Halafu akatabasamu.

"Nitahama," akasema. "Ila wazee wangu, mimi ni mjinga, sijui uwanja wa heshima unakuwaje. Nionyesheni nijifunze, huko niendako nikakae vizuri. Kesho asubuhi mwanamke yeyote asifagie. Tuzunguke viwanja vyenu, Bi Kobe asome. Nikiona uwanja mmoja wa wazee ulioamka safi, nitaondoka bila neno."

Jogoo akatanua kifua mpaka manyoya yakasimama. "Mmoja? Utaviona vitatu! Mimi uwanja wangu kila siku naamka naukuta safi!"

Koo akamvuta bawa. "Mume wangu, usikubali."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Usikubali."

"Nimekubali!"

"Baba watoto, tafadhali..."

"Nimekubali, nimekubali!" akawika Jogoo. "Kesho mwanamke atakayeshika chelewa, naye atahama!"

Mnasema jogoo huamka mapema, atakosaje kumwona mkewe anafagia? Mwangalieni anapowika. Anafumba macho! Anawika, anajisikia, analala tena. Ndivyo alivyokaa miaka yote hiyo bila kujua uwanja wake unasafishwa na nani.

Kulipokucha, kijiji kikaanzia kwa Jogoo.

"Bi Kobe, soma!"

"Naona kucha tatu mbele, moja nyuma," akasema Bi Kobe. "Zimetoka kwa mke wa kwanza, hazikuingia kwa wa pili, wala kwa wa kumi na mbili. Zimeruka ua. Zimekwenda bandani kwa Bata."

"Kwa Bata?" akauliza Koo. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza. Mwenzenu alikuwa amezifagia nyayo zile tangu mvua za masika.

"Kisha zimetoka kwa Bata," akaendelea Bi Kobe, "zikaelekea kule."

Wakaenda kwa Mzee Mfaume.

"Bi Kobe, soma!"

"Kubadhi. Ya kushoto imepasuka kisigino. Zimekwenda kwa mpika togwa, zikakaa. Kisha zikaelekea kule kule."

Wakaenda kwa Mzee Beberu.

"Bi Kobe, soma!"

"Hii naisoma nikiwa huku mbali," akasema Bi Kobe. "Kwato. Zimekwenda huku, na huku, na huku. Nyumba alizoziruka ni chache kuliko alizopita. Kisha zikaelekea kule kule."

"Tuzifuate," akasema Mwanamize.

Wakazifuata. Kucha mbele, kubadhi katikati, kwato nyuma, mpaka zikakutana zote chini ya dirisha la Mwanamize, upande wa nyuma, ambako siku zote tatu hakuzunguka mtu ila Bi Kobe. Pale mchanga ulikuwa umechimbika, maana waliosimama pale walisimama sana. Na chini ya dirisha palikuwa na kinu kimefudikizwa, juu yake alama ya kubadhi iliyopasuka kisigino.

"Kinu changu!" akapiga kelele mke mdogo wa Mfaume. "Siku tatu nakitafuta! Nimetwanga mtama kwa jirani siku tatu!"

"Tangu asubuhi ya kwanza nilitaka kusema," akasema Bi Kobe, "mkaniambia imetosha. Je, sasa imetosha?"

"Tulikuwa doria!" akawika Jogoo. "Baraza lazima lijue linachokikataza!"

"Doria gani," akasema Koo, "macho yako dirishani na miguu iko kwa Bata?"

Kijiji kikaangua kicheko. Kilicheka vicheko vyembamba na vizito, na safari hii hakuna aliyeuliza nani kafiwa.

Lakini mnamjua Jogoo. Ukimmwagia maji atajikung'uta akuambie mvua imemwogopa. Akapanda juu ya kinu, akapaza sauti. "Hata hivyo! Sisi hatukuingia! Vidole vinne vimeingia! Mwanamize, kanusha kama unaweza!"

 Kila mwanamume akakunja vidole vyake mchangani. Watu wakamwonea huruma Mwanamize, wakataka akanushe. Wengine wakamkonyeza, akanushe tu, aseme ni fundi, aseme ni mjomba, wamsamehe waende zao.

"Sikanushi," akasema Mwanamize. "Ni Machano, mchonga vinu. Tezo ilimkata kidole. Nilimwita mwenyewe."

Machano akatoka kwenye watu, shikamoo nyingi, mtu wa aibu, uso chini. "Ni mimi, wazee. Nilibisha hodi, nikakaribishwa. Dirishani sijawahi kufika, sikujua kama kuna watu. Ningewasalimu."

Mwanamize akawageukia wanawake, si wazee. "Mimi niliozwa bila kuulizwa. Nikakaa na mtu miaka kumi na mbili, hata siku moja hakuniuliza kama nimefurahi. Nikamuuguza, nikamzika, nikamlilia kwa adabu zote. Sasa amekuja mtu kaniuliza, na mimi nikasema ndiyo. Niambieni, jamani, kosa langu ni lipi? Kuulizwa, au kusema ndiyo?"

 Koo, yule yule wa midomo mirefu, akaiweka chelewa yake chini.

"Mimi," akasema polepole, "sijawahi kuulizwa."

Akaondoka zake. Na wanawake wengine, mmoja mmoja, wakaweka chelewa zao pale chini ya dirisha, wakamfuata.

Mwanamize hakuhama. Ile sheria nani angeisimamia, na wasimamizi wote alama zao zimesimama dirishani? Lakini msidhani wazee walitubu. Wapi! Siku ya pili walikaa tena, wakanong'ona, wakatoka na sheria mpya. Kila mwanamke afagie uwanja mapema zaidi, kabla hata ya nyota kuzima. Kwa ajili ya usafi wa kijiji, walisema.

Wanawake wakaitikia ndiyo. Wakafagia. Ila kila mmoja akafagia nyayo zake mwenyewe. Za mume akaziacha pale zilipo, akazizunguka na chelewa taratibu, zisiharibike.

Ndiyo maana mpaka leo jogoo anaparura mchanga. Mnadhani anatafuta chakula? Kuku jike akiparura, anatafuta chakula cha watoto. Jogoo akiparura, mtazame usoni. Anaparura, anageuka nyuma, anaangalia kama zimefutika. Anaparura tena.

Naona kuna mtu huko nyuma ameinua kidole anataka kuuliza. Najua swali lako, kila nikisimulia linakuja hilo hilo. Unataka kujua kama Mwanamize na Machano walioana.

Hadithi nzima umenisikiliza. Jogoo ameruka ua kwenda kwa Bata, hukuuliza kama alimuoa. Mfaume amekaa kwa mpika togwa, hukuuliza. Beberu ndiyo usiseme. Wewe ukangoja mpaka moto unakaribia kuzima, ukaja kukagua uwanja wa Mwanamize.

Basi hadithi yangu nimeifikisha mlangoni pake, na hapo inakoma, kwa kuwa mimi sikukaribishwa ndani. Nendeni mkalale. Na kesho atakayeamka akakuta uwanja umefagiwa, aulize nani kaufagia, na kafagia nyayo za nani.