Nyani na Kichanga wa Kitasa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakinunua chumvi dukani na kununiana na majirani kama sisi, palikuwa na kijiji chenye ghala moja la karanga. Karanga zilikuwa za wote, akiba ya kiangazi. Na mwenye funguo za ghala alikuwa Nyani.

Loo! Mngemwona Nyani na funguo zake! Alizifunga kiunoni, na kila akitembea zililia: cheng'e, cheng'e, cheng'e! Wadogo wote walimwamkia, "Shikamoo, Bwana Funguo!" Naye huitikia taratibu, marahaba ndefu kama mkia wake.

Siku moja Kuchakuro, yaani kindi, akahamia kijijini; alikuwa mjane mdogo mwenye watoto tele, fundi wa mambo ya umeme. Akafunga sola juu ya paa la ghala, akashusha waya mpaka mlangoni, akaweka kitasa kisicho na tundu la ufunguo. Ndani ya kitasa mlikuwa na chipu, kipande kidogo kama ukucha, lakini chenye akili ya kuuliza: "Namba ya siri ni ipi?" Ukiibonyeza sawasawa, klik! Mlango huo wazi. Ukikosea, hata ulie machozi ya damu, hufunguliwi.

Namba akapewa Bibi Ndovu peke yake, mkuu wa kijiji. Funguo za Nyani wakapewa watoto wachezee.

Jioni mke wa Nyani alikuwa akipakua ugali wa mtama. "Baba Chausiku, yule Kuchakuro ana kichwa! Kadogo vile, we!"

"Nipe mboga."

"Mbona umenuna?"

"Nani kanuna? Mimi? Nimenuna mimi?"

Alikuwa amenuna. Ni wivu huo. Si karanga alizozitaka, jamani. Alitaka kuitwa Bwana Funguo tena, basi.

Kesho yake adhuhuri, wenzake walipokwenda mtoni, Nyani akapanda juu ya ghala. Akaning'inia kichwa chini, mkono mmoja unabonyeza namba ovyo, mwingine unauparura waya kwa msumari. "Kijiwaya we! Wewe ndiwe wa kunidhalilisha mimi?"

Msumari ukagusanisha nyaya mbili. Chwi! Cheche ikaruka. Na kule chini, klik! Mlango ukafunguka.

Nyani nusura aanguke. Kisha akaelewa, maana hakuwa mjinga, alikuwa na wivu tu. Chipu inakula umeme. Ukiinyima kabisa, inazima. Lakini ukiinyima kwa kufumba na kufumbua, inashikwa na kizunguzungu, inaliruka swali, inadhani imekwisha kuuliza.

"Ahaa! Fundi kapatikana!"

Akabeba gunia la karanga, akalitupa korongoni, puu! Hakula hata moja. Siku ya pili akarudia.

Mkutano ukaitwa. Bibi Ndovu akakunja uso. "Mlango haukuvunjwa, na namba sikumwambia mtu. Kuchakuro, kitasa chako kinatuibia. Karanga zikipotea tena, utahama wewe na wanao, na funguo atarudishiwa Nyani."

Moyo wa Nyani ulicheza ngoma, lakini uso akauvika huzuni. "Masikini dada yetu," akasema. "Kujaribu alijaribu."

Kuchakuro alipanda paani, akaukagua waya, akaona pameungua kidogo kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Akashinda kutwa nzima anafungua na kufunga kitasa chake. Kisha akaomba wote waje.

"Ugonjwa nimeujua," akasema. "Kuna mtu anakipunja kitasa umeme kidogo tu, nacho kinasahau kuuliza. Sasa, nyumbani kwenu uji ukipungua, nani huanza kulia?"

"Kichanga!" wakaitikia kina mama.

"Naam. Mkubwa bado hajahisi njaa, kichanga kashalegea. Basi nimekiwekea kitasa kichanga wake, chipu nyingine iliyo dhaifu makusudi. Umeme ukitikisika tu, yeye ndiye wa kwanza kulegea, na king'ora kitalia kijiji kizima."

"Karanga zitapona?" akauliza mmoja. "Zitapona kweli?" wakauliza wengine.

"King'ora chenyewe kiko wapi?" akadakia Nyani. "Nauliza tu, tusije tukashtuka."

"Kile pale, Bwana Nyani, chini ya paa. Mdomo wazi."

Wote wakapiga makofi. Kila kofi lilimchoma Nyani. Ati hata kichanga kakitengenezea kitasa! Na wanamshangilia! Hakupata usingizi, akawa anageuka kitandani mpaka mkewe akamsukuma kwa kiwiko.

Adhuhuri ilipofika, kijiji kikaenda mtoni. Nyani akatoka na kiporo cha ugali kwapani. Akakishindilia kwenye mdomo wa king'ora mpaka ukajaa pomoni. "Haya, kichanga, nyamaza, ule!" Akacheka peke yake. Kisha akaning'inia, akagusanisha nyaya.

Chwi! Kimya. Klik! Mlango wazi.

"Fundi gani huyu!" Nyani akaruka ndani, akakumbatia gunia.

Pwaa! Mlango ukajifunga nyuma yake. Giza totoro. Akausukuma, wapi! Akaupiga teke, wapi! Akapapasa kote, hakuna tundu wala komeo.

Waliokwenda mtoni wakarudi, wakakuta mlango unagongwa kwa ndani.

"Nani humo?" akanguruma Bibi Ndovu.

"Mimi! Kitasa chenu kibovu! Nilikuwa napita zangu, mlango ukafunguka ukanimeza!"

Mke wa Nyani akatazama juu. "Na king'ora nacho kilikuwa kinapita zake, kikala ugali?" Akauchomoa kwa kidole, akaunusa. "Mama wee! Mtama wangu! Kumbe kiporo kakichukua Baba Chausiku, na watoto nimewagombeza bure!"

Kicheko kikalipuka, kwa kwa kwa! Ndani Nyani akakaa juu ya gunia. Baada ya muda akauliza kwa sauti ndogo, "Kuchakuro, mbona kichanga hakulia?"

"Kichanga wangu hana sauti, Bwana Nyani. Akilegea humvuta nguo tu mkubwa wake, ile chipu ya kwanza. Na mkubwa nilimfundisha adabu: amfungulie mgeni, amkaribishe, kisha afunge. King'ora kile ni kopo tupu."

"Ulijuaje kuwa ni mimi?"

"Wenzako waliuliza kama karanga zitapona. Wewe peke yako uliuliza king'ora kiko wapi."

Hapo Nyani akasikia watoto wa Kuchakuro wanakuja mbio, wanatikisa funguo zake kuukuu: cheng'e, cheng'e, cheng'e! Wakasimama mlangoni, wakaita kwa heshima zote:

"Shikamoo, Bwana Funguo! Tufungulie!"

Basi wanangu, hadithi yangu naiacha hapo hapo mlangoni: mwenye wivu hujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.